Uzi Chini ya Picha

Wodini walimwita Sista Gundi, na jina hilo alilipata kwa haki. Akitoka zamu, wenzake walikwenda kulala. Yeye alikwenda kukata karatasi. Kadi za kuzaliwa, kadi za pole, kurasa za albamu zenye maua na tepe, vyote alivitengenezea kwenye meza ya chakula, mpaka mama yake akauliza kama siku hizi watu wanakula karatasi. Hakuwa akiuza. Alitaka tu kusikia mtu akimwambia, "Mikono yako ina baraka." Kupenda sifa ndio ugonjwa wake, na wodi nzima haikuwa na dawa yake.

Ndiyo maana jioni ile hakukataa. Bibi kizee mmoja aliyekuja kufungwa kidonda cha kidole alikuwa ameona kadi zake, akamwomba apite nyumbani amsaidie kumalizia albamu. Ukurasa mmoja tu, alisema. Sista Gundi akatia vifaa vyake mfukoni: mkasi, wembe, kalamu ya dhahabu, uzi wa kushonea kurasa. Binti yake wa miaka saba, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya alama nyeusi shavuni, alimwacha na mama yake.

"Nakwenda narudi. Giza halitanikuta njiani."

"Uniletee karatasi zinazometa," alisema Kidoti bila kuinua macho kwenye daftari lake.

Nyumba ilikuwa ya mwisho mtaani, yenye mlango wa kijani. Jua lilikuwa linazama.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Sukuma tu."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Haya. Si neno."

Sebule ilikuwa na meza, viti viwili, taa, na dirisha moja lililojaa mwanga wa machweo. Mezani palikuwa na albamu nene kama tofali, na pembeni bakuli la gundi ya unga, ya kupika nyumbani. Ilikuwa na harufu. Sista Gundi aliifahamu mara moja, kwa kuwa ni harufu ya kazini: ya kidonda kilichofungwa siku nyingi bila kufunguliwa. Akajisemea ni kile kidole cha bibi, akavuta kiti.

"Kwanza niandikie maneno ya chini ya picha," alisema bibi kizee. "Mwandiko wako ndio ulionileta kwako."

Hapo alimpata. Sista Gundi akafungua kalamu ya dhahabu. "Niandike nini?"

"Wamefika nyumbani. Hawatoki tena."

"Ni wajukuu, Bibi? Wamerudi kutoka mbali?"

"Watakuwa wamerudi."

Aliandika kwa madaha chini ya ukurasa mtupu wa mwisho, herufi ya kwanza akaipa mkia mrefu, na pembeni akachora ua dogo, alama yake ya kila siku. Hakuuliza picha yenyewe iko wapi. Mtu akisifiwa huwa hana maswali.

"Na wewe una mtoto?"

Kuna mama gani wa kukataa swali hilo? Akatoa picha kwenye pochi. Kidoti amecheka, jino la mbele halipo. Yeye amesimama nyuma yake, mkono wa kulia umetulia juu ya bega la mtoto. Nyuma yao uwanja wa shule na watoto wengine wakikimbia. Bibi kizee aliipokea akaisogeza kwenye taa. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Nikatie utepe, mwanangu, macho yangu mabovu."

Sista Gundi akainama kukata utepe. Alipoinua kichwa, bibi kizee alikuwa ameshafunga albamu na yuko mlangoni mwa jiko, anajifuta kidole gumba kwenye kanga.

"Naweka chai. Pitia za nyuma uone mtindo."

Akafungua. Ukurasa wa kwanza ulipambwa kwa vitambaa, wa pili kwa majani makavu, wa tatu kwa vifungo. Kila mmoja ulitengenezwa na mkono tofauti, kwa ustadi. Kila mmoja ulikuwa na picha moja. Mwanamume na wanawe wawili. Mwanamke mjamzito. Mafundi watatu wamekumbatiana. Alifurahia kazi za watu kwanza, kabla hajaona jambo lingine.

Nyuma ya wote palikuwa na dirisha. Lile lile. Na mwanga ule ule wa machweo.

Akafunua ukurasa mwingine. Ua la karatasi, petali tano, kila ncha imekunjwa kwa kijiti cha kiberiti. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyekunja hivyo: Mwalimu Maua, aliyemfundisha kazi hii tangu kushika mkasi. Miaka miwili iliyopita Mwalimu Maua aliondoka bila kuaga. Watu walisema amehama.

Hakuhama. Alikuwa hapa, katika picha, amekaa kwenye kiti hiki. Kona moja ya picha yake ilikuwa imebanduka, na chini yake kimenasa kipande cha uzi kilichokatika.

Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mwisho. Picha yake na Kidoti. Gundi mbichi bado. Uwanja wa shule haukuwepo tena. Palikuwa na dirisha. Na chini, kwa dhahabu, kwa mwandiko wake mwenyewe...

Wamefika nyumbani. Hawatoki tena.

"Mama?"

Sauti ilitoka jikoni. Ilikuwa ya Kidoti.

Sista Gundi aliruka hadi mlango wa kijani. Akashika kitasa, vidole vikateleza. Akashika tena. Kitasa kilikuwa bapa. Mlango wote ulikuwa bapa, laini, umebandikwa ukutani, na kwenye ukingo wake ukucha wake ulikuta mkunjo mdogo wa karatasi. Akageukia dirisha. Jua halikuwa limesogea hata kidogo tangu aingie.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hofu ikampanda. Lakini hofu ilimkuta na mtoto, na mama mwenye mtoto hana nafasi ya kuzimia. Akapiga moyo konde, akarudi mezani.

Jikoni kijiko kiligonga kikombe. Kling... kling...

Gundi ya unga haikamati upesi. Ukikosea kubandika, alikuwa akisema Mwalimu Maua, usivute, utachana. Pitisha uzi. Akakata uzi, akaushika huku na huku, akautia chini ya kona ya picha na kuanza kuupeleka na kuurudisha kama msumeno. Kona ikaachia. Ukingo wa juu ukaachia. Akapita chini ya uso wake mwenyewe, na shavuni akahisi baridi ikipita.

Kling.

Kijiko kikanyamaza. Zikaja nyayo za ndala, taratibu. Na nyuma yake nyayo nyingine, ndogo, za mtoto asiyevaa viatu.

"Mama, chai tayari."

Uzi ukagota. Ulikuwa umefika chini ya mkono wake wa kulia, pale begani kwa mtoto. Hapo ndipo bibi kizee alipokandamiza kwa gumba, na gundi ilikuwa imeshakauka ikawa jiwe. Akavuta. Uzi ukalia. Akavuta tena, ukakatika.

Akachukua wembe.

Alikata kama alivyokata siku zote, kwa kufuata mstari, bila kutetemeka. Kidole, kidole, kidole, kidole, gumba. Picha ikainuka yote mikononi mwake, na ukurasani ukabaki mkono peke yake. Mlango wa kijani ukapata kitasa. Mtoto wake alikuwa katika picha aliyoishika, si katika sauti ya jikoni; akakimbia nayo.

"Umesahau kitu, mwanangu," ilisema sauti nyuma yake. Haikuwa na haraka.

Nje giza lilikuwa limeshaingia. Alifika kwao hana pumzi, akasimama mlangoni ameegemea fremu.

"Giza halitakukuta njiani, eh?" alisema mama yake. "Mtoto kala, mimi nimekula, wewe kale karatasi."

Kidoti alikuwa mezani, amewapa mgongo, anachora. Hakuwa ametoka kabisa, mama yake alisema alipoulizwa, hata chooni hakwenda. Sista Gundi alitaka kulia kwa furaha. Ndipo alipoona kwamba ufunguo wa nyumba umemponyoka, na hakuusikia ukitoka kiganjani. Mkono wa kulia ulikuwepo, mzima, lakini hauhisi kitu. Au ulihisi kitu kimoja tu: uvuguvugu wa gundi.

Akaitazama picha chini ya taa. Kidoti anacheka, jino la mbele halipo. Begani ana tundu la vidole vitano. Mkono ulikuwa juu ya bega. Aliyekata mkono alikata na bega lililokuwa chini yake. Hilo hakuliwaza.

"Mama," alisema Kidoti bila kugeuka, "legeza kidogo. Unanibana."

"Nakubana wapi, mwanangu?"

"Begani. Si umenishika?"

Kati yao palikuwa na hatua nne. Mama wa Sista Gundi, sahani mkononi, alimtazama huyu, akamtazama yule, akaiweka sahani chini.

Sista Gundi akaenda akapeleka mkono wa kushoto begani kwa mtoto. Juu ya gauni hapakuwa na kitu machoni. Lakini chini ya kiganja chake vilikuwepo vidole, vya baridi, na kwenye gumba akapapasa sugu ya mkasi, ya miaka kumi. Hakuweza kuvibandua.

Tangu siku hiyo hajakata karatasi. Mikasi iliyobaki nyumbani aliitupa, kalamu za dhahabu akazivunja, na hulala amemkumbatia binti yake kwa mkono wa kushoto. Mlango wa kijani ameshaurudia mara tatu. Kila akibisha hodi, sauti ya bibi kizee humjibu awapishe, wana kazi.

Jana jioni Kidoti aliokota kadi iliyopenyezwa chini ya mlango. Ilikuwa na ua la petali tano, na jina lake kwa dhahabu, herufi ya kwanza ina mkia mrefu. Ndani palikuwa peupe, pameachwa nafasi ya picha moja.

"Umenitengenezea mimi?" Kidoti aliikumbatia kifuani, macho yanametameta. "Mikono yako ina baraka, Mama."