Vali Nane za Stillwell

Lori dogo jeupe lilikata kona ya barabara ya mtoni kwa kasi ya maili tisini kwa saa.

Nyuma yake ilikuja Ford nyeusi. Ndani yake alikuwa Arlene Vroman, mpelelezi namba Kumi na Nne, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili umeshika bastola ya Smith & Wesson.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kushoto, Mto Mississippi. Kulia, mashamba ya mahindi ya Iowa, tope na mabaki ya theluji ya Machi.

Alishusha kioo. Akavuta pumzi. Akafyatua mara moja.

Tairi la nyuma likapasuka. Lori likayumba, likaruka mtaro, likalala ubavu kwenye tope kama ng'ombe mgonjwa.

Dereva alitoka kwa kutambaa, mikono juu. "Mama, usinipige! Nimebeba pampu za visima tu!"

"Pampu za visima hazikimbizwi hivyo. Lala chini."

Alimtia pingu, akavunja kreti la kwanza kwa mtaimbo. Ndani, juu ya karatasi za mafuta, ilikaa vali ya chuma kisichoshika kutu, kubwa kama kifua cha mtu mzima. Sheria ilikataza vali za aina hiyo kuuzwa nje bila kibali, kwa kuwa mtu anayetengeneza bomu kwa siri huzitafuta kwa udi na uvumba.

Alizihesabu. Nane. Kila moja ilikuwa na namba ya Stillwell iliyogongwa ubavuni.

Akanyanyua redio ya Motorola, akaita makao makuu.

"Ghala, hapa Kumi na Nne. Mzigo ninao. Umetoka mtambo wa nyuklia wa Stillwell."

"Haiwezekani. Karatasi zinasema vali za Stillwell ziko mahali pake."

"Basi mahali pake pamewekwa nini?"



"Kumi na Nne, sikiliza. Stillwell wameomba msamaha wa kuahirisha jaribio la uvujaji. Miezi ishirini na minne. Tume ya nyuklia inatia saini leo saa sita mchana. Jioni wanawasha mtambo."

"Nani amesema vali ni nzima?"

"Mtaalamu wa kutoka Antwerp, Lucien Maes. Amekula kiapo kwa maandishi kwamba alizikagua kwa macho yake."

"Zuia saini."

"Kwa vyuma vya kwenye lori? Mawakili wao watasema ni vyuma chakavu vya zamani. Niletee kitu cha kumkaba Maes kooni."

Redio ikazimika.

Arlene alisimama kitambo kando ya tope. Vali zile zilikuwa na kazi moja tu. Bomba likipasuka ndani ya kuba la zege la mtambo, zifunge kila njia ya kutokea, mvuke wenye sumu ubaki humo humo. Za bandia zilizowekwa badala yake zisingefunga. Na maili tatu kutoka kwenye kuba kulikuwa na mji wa watu elfu tisa.

Jaribio ndilo pekee lingemuumbua mwizi. Mwizi hakulivuruga. Aliliombea ruhusa lisifanyike.

Arlene alikuwa amekamata wezi wa kila namna. Mwizi mwenye bunduki aliweza kumwelewa. Mwizi anayejaza fomu alimtia kichefuchefu.

*

Kwenye geti la Stillwell aliacha bastola yake. Hakuna chuma kilichopita pale bila king'ora kulia. Karani mnene mwenye miwani ya mnyororo, Thelma Rusk, akambandika kifuani beji ndogo ya kupimia mionzi.

"Usiivue hata ukienda chooni, mpenzi. Mtu akitoka naisoma, naandika."

Arlene akasimama. "Za watu wote?"

"Hata ya gavana alipokuja kupiga picha."

"Nitafutie ya Bwana Maes. Siku aliyokagua vali."

Thelma akalamba kidole, akafunua daftari. Akatazama. Akatazama tena, akacheka kwa pua.

"Lo! Makubwa haya."

*

Saa tano na nusu.

Kwenye chumba cha mikutano walikuwamo wanaume watatu. Grady Pruitt, mkuu wa vibali, sukari ya donati midomoni. Lucien Maes, suti ya kijivu, kucha zinang'aa. Na Doyle Hatcher, fundi wa majaribio, mtu wa miaka sitini mwenye mikono kama koleo, amesimama kwa hasira.

"Nipe siku mbili, Grady. Siku mbili tu nizijaribu vali."

"Kila siku tukiwa tumezima ni hasara, Doyle. Na kiapo cha Bwana Maes kinatosha."

"Wewe umehamia ng'ambo ya mto. Mimi mke wangu ni muuguzi hapo mjini, upepo unakoelekea. Kiapo kitamkinga yeye?"

"Mzee wetu ana uchungu," Maes akasema kwa upole. "Kwetu, mafundi hatuwaiti mikutanoni."

Arlene akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. Akaweka kitambulisho mezani.

"Bwana Maes. Umeapa kwamba tarehe tatu ulilala chini ya vali nane kwa saa mbili."

"Kwa mgongo wangu huu, bibie. Suti nzima iliharibika."

"Pole. Mzee Doyle, mtu akilala pale saa mbili, beji yake inasoma ngapi?"

"Thelathini. Arobaini. Hata nzi akitua pale anatoka na tatu."

Arlene akasukuma nakala ya ukurasa wa Thelma. "Beji ya Bwana Maes ilitoka na sifuri."

Doyle akaangua kicheko kikavu. "Sifuri! Huyu alilala kantini!"

"Labda niliisahau kwenye koti," Maes akasema.

"Kuingia bila beji ni kosa la jinai. Kuapa kwamba uliingia na hukuingia ni kosa lingine. Chagua. Sina haraka."

Donati ikamwanguka Pruitt.

Maes aliinuka ghafla. Mkononi kisu cheupe cha kauri, kile ambacho mashine za geti hazikioni. Akarukia simu ya mezani kukata waya.

Arlene hakuinuka. Aliipiga meza teke. Ukingo ukamkuta Maes tumboni. Alipoinama, Arlene akamshika kifundo cha mkono, akakizungusha mpaka kikalia. Kisu kikavunjika sakafuni kama sahani.

Alinyanyua simu kwa mkono wa pili.

"Ghala. Aliyeapa hakuingia. Beji inasema."

"Imetosha. Tume inaweka kalamu chini."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nne.

*

Saa nane Doyle aliingia kwenye kuba na mtungi wa hewa na geji ya kupimia shinikizo. Arlene alimfuata, ovaroli la njano hadi kidevuni.

Vali ya kwanza. Hewa ikaingia. Mshale wa geji ukapanda, ukasita, ukaporomoka. Ya pili, vile vile. Kwenye ya tatu hewa ilivuja kwa sauti ya kuaibisha.

Doyle akakwangua rangi kwa bisibisi. Chini yake kulikuwa na chuma cheusi, cha bei rahisi.

"Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mmoja," akasema polepole. "Wametufungia nyuklia kwa koki ya choo."

"Ungejua lini bila msamaha kuzuiwa?"

"Ningesikia king'ora. Kama ningekuwa hai wa kusikia." Akafuta uso. "Nipe dakika nimpigie mke wangu. Sina cha kumwambia. Nataka nimsikie tu."

Nje, maofisa walikuwa wanampakia Maes garini kwa wizi wa vali na kiapo cha uongo. Alikuwa analalamika juu ya pingu kukwaruza saa yake.

Pruitt alimkimbilia Arlene, tai imepinda.

"Bibie, mimi niliamini karatasi tu! Utaandika kwamba nilitoa ushirikiano?"

Arlene alimtazama kuanzia viatu mpaka utosini. Hakuona mahali pa kusimamisha macho.

"Nitaandika kwamba ulikuwepo."

Akampita, akaenda kutafuta chakula.