Punda wa Kabugho Akataa Kupanda Gari

Kila asubuhi Kabugho huenda kisimani na punda wake. Punda hubeba madumu manne ya maji. Kabugho hubeba fimbo tu, na mara nyingi hata hiyo anaisahau.

Zamani haikuwa hivyo. Kule Kyondo, kijijini kwao, hakuna njia isiyopanda mlima. Maji, kuni na kahawa vyote vilikuja kwa mgongo wa Kabugho, mkanda ukipita kwenye paji la uso. Alama ya mkanda huo anayo mpaka leo. Kwa hiyo anampenda punda wake sana, wala haoni haya kusema.

Jumatatu moja punda alianza kuchechemea. Kwato moja ya mbele ilitoa harufu mbaya. Semu, mume wa Kabugho, alimpigia simu daktari wa mifugo aliyeko mjini Bwera.

"Kuna usaha ndani ya kwato," daktari alisema. "Mlete leo leo, vifaa vyangu viko huku. Usaha ukifika kwenye mfupa, sitaweza kumsaidia. Na msimtembeze."

Jirani yao Sunday alileta pikapu yake. Aliegemeza ubao nyuma ya gari, na hapo kazi ikaanza. Semu alivuta kamba mbele. Sunday alisukuma nyuma. Kabugho naye alileta mkanda wake wa zamani, akamzungushia punda matakoni, akavuta. Punda alikaza miguu. Semu akamchapa fimbo. Punda akarusha teke, ubao ukaanguka, na Sunday akaanguka juu ya ubao.

"Punda hii iko na kichwa nguvu!" Sunday alisema, akijipangusa vumbi.

"Si wanasema shukrani ya punda ni mateke?" Semu alisema. Alikuwa amechoka na amekasirika. "Tuiache tu. Ikikufa, tulishazoea kubeba."

Kabugho alimgeukia mumewe, akagusa paji lake. "Nani alizoea kubeba, baba Bright? Wewe ama mimi?"

Semu alishika tena kamba na fimbo.

Wakati huo alipita mwanamke mmoja aliyekuja kununua ndizi. Alikuwa Afande Nabasa, polisi anayekaa kambini Bwera. Kabla ya kuja Bwera alitunza farasi wa polisi miaka sita.

"Weka fimbo chini!" alisema.

Semu aliiweka.

"Wacha kuvuta! Wewe dereva, toka nyuma ya hiyo punda, itakuvunja mbavu!"

Wote walitii. Kisha afande alimgeukia punda, akamsemesha taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto. Semu alimnong'oneza Sunday, "Sisi tunaamriwa, punda inabembelezwa."

"Punda hii ilifika hapa namna gani?" afande aliuliza.

"Na lori, afande," Kabugho alisema. "Walifunga miguu yote, wakaitupa ndani. Ilishuka na vidonda."

"Basi haina kichwa nguvu. Iko na woga. Punda haisahau. Ukiipiga karibu na gari, inajua gari ni mahali pa kupigwa. Tena ubao yenu inacheza. Wewe na mguu mugonjwa, utaipanda?"

"Siwezi, afande," Semu alisema.

"Na hii mulima yote munaifanyia nini?"

Walitazamana. Afande alionyesha ukingo wa barabara. Pale udongo ulikuwa umeinuka hadi kimo cha sakafu ya pikapu. Watu wa milimani, na walikuwa wameusahau mlima!

Sunday alirudisha gari nyuma mpaka likagusa ukingo, akazima injini. Sasa punda hakuhitaji kupanda, bali kutembea tu. Waliondoa turubai lililofunika pikapu ili mwanga uingie ndani. Kabugho alimwaga maganda ya kahawa juu ya bati la sakafu ili lisiteleze wala kupiga kelele.

"Sasa shika kamba, usiikaze," afande alimwambia. "Ikipiga hatua moja, ipe majani. Ikirudi nyuma, usivute. Anza tena."

Punda alinusa bati. Aliweka mguu mmoja, akautoa. Kabugho alingoja. Punda akauweka tena, na Kabugho akampa majani ya viazi.

"Wasingya," alimwambia. Ndiyo asante ya Bakonzo, watu wa milima hiyo.

"Tutachelewa," Semu alisema.

"Mumepigana na yeye masaa ngapi?"

"Masaa mbili, afande."

"Basi nyamaza."

Nusu saa baadaye punda aliingia ndani kwa miguu yake mwenyewe. Kabugho alilia kwa furaha. Afande alimfunga punda kwa fundo linalofunguka upesi, akamwambia Sunday aendeshe polepole kwenye kona.

Huko Bwera daktari alitoboa kwato, usaha ukatoka. "Mmewahi," alisema. "Kesho ningewapa pole tu."

Wakati wa kurudi walitafuta mwinuko wa udongo kando ya barabara, wakasogeza gari hapo. Sunday, kwa mazoea yake, aliokota fimbo.

"Weka fimbo chini!" Kabugho alipaza sauti.

Sunday aliitupa haraka, kisha wote watatu wakacheka. Safari hii punda aliingia kwa dakika kumi.

Kwato imepona. Kabugho alimpelekea afande mkungu wa ndizi na kumshukuru mara nyingi, mpaka afande akaona haya. Mkanda ule wa zamani ameushona ukawa hatamu laini ya punda.

Siku nyingine Semu husahau na kuanza tena, "Shukrani ya punda ni..."

"Ni maji uliyooga leo," Kabugho humalizia.