Hapana Mbili, Mfuko Mmoja

Haya alinisimulia Mzia, muuza achari wa soko la Dezerteri hapa Tbilisi, majira ya baridi yaliyopita, tukiwa jikoni kwangu tunabangua jozi, zile kokwa za vitamu vya Mwaka Mpya. Mzia hana haraka na hadithi, na mimi sina haraka na jozi. Kwa hiyo nimeyapata yote, hadi rangi ya koti.

Koti lilikuwa la mvua, la njano kama kiini cha yai, na aliyelivaa alikuwa Wiebke, mwalimu wa muziki kutoka Ujerumani, msichana mrefu wa kuinamia milango. Alikuja Tbilisi kutembea tu. Jumamosi moja soko lilikuwa limefurika watu, jibini zinanuka, kotimiri zinanuka, na wachukuzi wanapiga kelele wapishwe. Wiebke akasimama mbele ya meza ya Mzia, akaomba jonjoli, yale maua machanga ya mwituni yanayolowekwa kwenye chumvi. Alijua Kirusi cha shuleni, na Mzia anacho cha zamani, wakaelewana. Kando yake akajipenyeza mwanamume mwenye ndevu za rangi ya shaba na suruali fupi inayoonyesha soksi, akanyooshea kidole vitunguu saumu vya siki.

Mzia akapima vyote viwili, akavitia kwenye mfuko mmoja, akaupiga fundo.

"Hatuko pamoja," Wiebke akasema.

"Bado," Mzia akajibu. "Na huo ndio mfuko wangu wa mwisho. Mkatenganishie huko mbele."

Chini ya meza kulikuwa na mifuko furushi zima.

Wakaenda kukaa kwenye ngazi za stesheni, mfuko katikati yao. Mwanamume akasema anaitwa Bastien, ni Mkanada, kazi yake kuchora ramani.

"Vitunguu vyako vimenukisha jonjoli yangu," Wiebke akamwambia.

"Jonjoli yako ndiyo iliyovichokoza. Vilikuwa vimekaa kwa heshima zao."

"Mchora ramani gani anayevaa suruali ya mdogo wake?"

"Anayevuka mito mingi, bibi mwenye koti la yai."

Wakala kwa vidole, bila mkate, huku wakicheka na kulia kwa siki. Walipofika chini ya mfuko kilibaki kitunguu kimoja tu, hapakuwa na cha kutenganisha. Kabla ya kuinuka, Wiebke akamwambia jambo ambalo wanaume wawili kabla yake walilisikia wakatafuta kofia zao: kwamba ugonjwa ulimfanya atolewe kizazi, hatabeba mimba maisha yake. Bastien hakutafuta kofia. Alimpa kitunguu cha mwisho.

Walioana mwaka uliofuata. Kwao Bastien mpenzi huitwa kabichi, na Wiebke kila akiitwa hivyo alijibu, "Kabichi ni chakula cha mbuzi," naye Bastien humjibu, "Meee."

Miaka ikapita, wakarudi Tbilisi. Huku kwetu sheria iliruhusu mwanamke mwingine akubebee mimba, na Maka wa mji wa Kutaisi, mwenye watoto wake wawili, akakubali kuwabebea yao. Yai lilikuwa la Wiebke mwenyewe, mbegu ya Bastien. Walipanga chumba kwa Mzia, juu ya duka la mkate, na mwezi wa kuvuna zabibu akazaliwa binti, wakamwita Fenja. Mzia alimwita Penia, maana ulimi wetu hauna ile sauti ya mwanzo. Maka alimbusu mtoto utosini, akala sahani mbili za khinkali, vile vifuko vya unga vyenye nyama, akarudi kwake na mumewe.

Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa majina yao wawili, baba na mama. Lakini cheti si uraia. Mtoto asiye na nchi hapewi pasipoti, na asiye na pasipoti havuki mpaka, hata awe amelala kifuani mwa mamaye.

Wakagawana kazi, kila mmoja aende ubalozi wa kwao. Wiebke alivaa gauni lake la kijani, akabana nywele, akaenda. Ofisa alikuwa mpole, hata maji akampa. "Bibi," akamwambia, "kwa sheria yetu mama ni yule aliyejifungua. Kwa sheria yetu, wewe si mama wa mtoto huyu." Akampa jibu hilo kwa maandishi. Wiebke akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti lake la njano, akarudi kwa miguu, ng'ambo ya mto hadi nyumbani.

"Wamesemaje, kabichi?" Bastien akauliza, mtoto begani.

Wiebke alifungua kinywa. Lile neno "si mama" lilikataa kutoka mbele ya mumewe.

"Bado wanaangalia," akasema. "Na wa kwenu?"

"Nao bado wanaangalia."

Siku zikaenda hivyo, na majani ya mizabibu yakaanza kuwa mekundu. Jioni Mzia alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni, akimwita bebo, bebo, yaani bibi. Huku kwetu ndivyo tulivyo: bibi humwita mjukuu bibi, na mama humwita mwanawe deda, yaani mama. Tunawavika jina letu wenyewe, wapate joto.

"Na wewe mwite deda," Mzia akamwambia Wiebke. "Niugue mimi badala yako, binti yangu, mbona hujawahi hata siku moja?"

"Nitamwita, shangazi."

Hakumwita. Alikunja nepi, akaikunjua, akaikunja tena.

Bastien naye akawa na simu. Ikilia, anatoka kwenda roshani, anafunga mlango wa kioo, anazungumza huku akijikuna ndevu. Asubuhi moja mlango haukufunga sawasawa. Wiebke, mkononi ana nepi, akasikia: "Ndiyo, tiketi moja. Kwenda Ottawa. Hapana, mtoto hayumo. Mtu mmoja."

Bastien alipoingia ndani akamkuta mkewe amesimama wima.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani mara moja tu. Kuna mambo."

"Mambo gani hayo yasiyo na mtoto wala mke?"

"Wiebke, nitakueleza..."

"Nimeshaacha kuwa kabichi? Kama umechoka, sema umechoka. Wanaume wenzako walikimbia siku ile ile waliposikia. Wewe umengoja mpaka mtoto azaliwe!"

Lilikuwa pigo la chini, na alilijua lilipokuwa likitoka. Bastien akageuka mweupe kama jibini. Alichukua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, aliitafuta kofia, akaivaa, akashuka ngazi.

Wiebke alikaa kitandani na mtoto asiye na nchi, akawaza: sasa hana hata baba.

Adhuhuri simu ikalia. Alikuwa Mzia, na nyuma yake kelele za soko.

"Binti, njoo umchukue mumeo."

"Yuko wapi?"

"Yuko mezani kwangu. Anakula jonjoli na analia. Wateja wanadhani siki imezidi, wananikimbia!"

"Shangazi, yule anatuacha."

"Anayeacha watu huenda uwanja wa ndege, haji kwenye achari. Lete na mtoto. Mfunike masikio."

Wiebke akavaa lile koti la njano, sasa limepauka viwiko, akamfunga Fenja kifuani, akaenda karibu akikimbia. Akamkuta Bastien amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndevu zimelowa.

"Meee," akasema Bastien, bila nguvu.

"Sema yote," Wiebke akasema. "Sema sasa, kabla sijakuhurumia."

Bastien akasema. Ubalozi wa kwao ulikuwa umeshamkataa mtoto tangu wiki ya kwanza. Yeye mwenyewe alizaliwa Nepal, baba yake alipokuwa akijenga bwawa kule, na sheria yao ilisema Mkanada aliyezaliwa ugenini hamrithishi uraia mtoto anayezaliwa naye ugenini. Tiketi ilikuwa ya kwenda kuwapigia magoti wakubwa.

"Mimi ninayechora mipaka ya watu," akasema, "sina hata kijiji cha kumpa mwanangu. Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Nilikwenda hata Nyumba ya Haki hapa, wanakotoa vyeti na pasipoti. Wakaniambia mtoto aliyezaliwa kwa njia hii kwenye ardhi yao, akikataliwa na nchi ya baba na nchi ya mama pia, basi ni wa kwao, raia wao. Lakini lazima zikatae zote mbili. Na wewe kila siku unaniambia bado wanaangalia! Nikuombee mabaya? Nikeshe nikiomba na wewe ukataliwe?"

Wiebke akaanza kutetemeka, na Mzia akadhani analia, akasogea amshike, kumbe anacheka, na machozi yanamtoka humo humo. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa.

"Wameniambia mimi si mama yake," akasema. Safari hii maneno yalitoka. "Siku ile ile niliyovaa gauni la kijani. Nilidhani ukisikia, na wewe utaniona hivyo."

Bastien alishuka kwenye ndoo, akapiga magoti kwenye maji ya achari, akawakumbatia wote wawili kiunoni. "Macho haya ni ya nani?" akauliza. "Na huu mdomo wa kunifokea alfajiri, ni wa nani?"

"Wa kukufokea?" Wiebke akauliza.

"Mrithi wako halisi."

Mzia, aliyetafsiriwa mambo kwa Kirusi cha kwikwi, akafuta mikono kwenye aproni. "Karatasi yako iko wapi, wewe mwenye ndevu?" Bastien akaitoa kwenye bitana ya kofia. Mzia akachukua zote mbili, akazitia kwenye mfuko mmoja, akaupiga fundo.

"Ndio wa mwisho huo?" Wiebke akauliza.

"Wa mwisho kabisa," Mzia akasema, akisukuma furushi kwa mguu.

Nyumba ya Haki walizipokea hapana zote mbili, zikinuka kitunguu saumu. Wakangoja, na kungoja huku kulikuwa kwepesi, maana walingoja pamoja, hakuna simu ya roshani. Shida ikawa picha: kila mpiga picha akiinua kamera, Fenja anapiga chafya. Theluji ya kwanza ilipoanguka, wakapewa kijitabu chekundu chenye jina lake. Nchi ambayo wazazi wake walikuja kutembea tu ilisema, huyu ni wetu.

Mchana ule walirudi chumbani juu ya duka la mkate. Mzia alikuwa amekaanga mbilingani, wakala, wakainua glasi wakamnywea mtoto afya, wakamnywea Maka wa Kutaisi, wakanywea na hapana mbili. Jiko linanguruma, mvuke umefunika vioo. Bastien ndiye wa kwanza kuanguka, viatu miguuni, kijitabu kifuani. Mzia akafumba macho kitini.

Wiebke akabaki akimpapasa mtoto mgongoni. Fenja alikuwa anapigana na usingizi, kope zinashuka, zinapanda.

"Lala," Wiebke akamnong'oneza. Akamvuta karibu. "Lala, deda. Lala, mama yangu."

Mtoto akalala. Wiebke akaegemea bega la mumewe, koti la njano miguuni, na yeye akapotea. Ndipo Mzia, aliyekuwa amefumba macho kwa hila muda wote huo akisubiri neno hilo, akalala kweli.