Kufuli Jipya Ukumbini

Kila Jumamosi asubuhi, akishadeki na kuanika nguo, Pilipili alimbebea shangazi yake kikapu cha nyuzi na vitambaa mpaka ukumbi wa mtaa. Jina hilo alipewa na wenzake shuleni kwa ukali wa ulimi wake.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Mwaka uliopita aliugua ugonjwa wa akili. Alikosa usingizi, akasikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia, akaacha hata kula. Alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani na dawa zake, na dawa alimeza bila kukosa. Lakini dawa haipigi hodi mlangoni ikakujulia hali. Wateja walipotea, majirani wakawa wanavuka barabara wakimwona. Ndipo muuguzi wa zahanati alipomwalika kwenye kikao cha Jumamosi. Waliopona, waliokuwa bado wanatibiwa na majirani wachache walikaa kwa duara, wakaelezana ya wiki, wakataniana, kisha wakashona pamoja. Tangu aanze kwenda, Shangazi alirudia tabia yake ya kuimba akikata vitambaa.

Jumamosi hiyo walikuta kufuli jipya mlangoni. Wenzao walikaa kwenye ngazi kama watoto waliofukuzwa shule.

"Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi amefunga," muuguzi alisema. "Ati kamati imeamua kuwa ukumbi si mahali pa vichaa."

Damu ilimchemka Pilipili. Mapazia ya ukumbi ule aliyashona Shangazi kwa mkono wake! Mapazia wanayataka, mshonaji hawamtaki? Aliweka kikapu chini, akachomoka kabla hajaitwa.

Mwenyekiti alikuwa na duka la rangi na misumari mtaa wa pili. Pilipili alimkuta akimpimia mteja waya. Hata kumwamkia hakumwamkia.

"Kwa nini umewafungia? Ungeugua wewe je?"

Duka zima liligeuka. Mwenyekiti akatabasamu kwa kejeli. "Mmesikia? Wazimu wa shangazi umeshamwingia na mtoto!"

Wateja walicheka. Pilipili aligeuka, akatoka dukani. Alirudi ukumbini mbio huku machozi yakimtoka, akaokota jiwe ili avunje kufuli. Shangazi akamdaka mkono.

"Weka chini."

"Shangazi, amekutukana mbele ya wateja, ati wazimu wako umeniingia na mimi! Nimekwenda kukutetea!"

"Nilikutuma?" Shangazi aliuliza, na Pilipili hakuwahi kumwona amekasirika vile. "Tangu niugue, kila mtu ananisemea. Daktari anamuuliza baba yako nimelalaje, na mimi nimekaa hapo hapo! Wateja wanamuuliza jirani kama naweza kushika mkasi! Ugonjwa ulinilaza kitandani, mwanangu, haukunikata ulimi. Leo nitasema mwenyewe." Akawageukia wenzake. "Tutakaa hapa hapa barazani, kila mtu atuone. Na wewe kawaite majirani. Waalike, usigombane nao."

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kupiga kelele. Mama mmoja alimfungia mlango usoni, na Pilipili akameza jibu lililokuwa kwenye ncha ya ulimi. Mwingine aliuliza kama wale watu hawaumi. Lakini mjane wa nyumba ya kona alijifunga mtandio, akatoka. Mwalimu wa hesabu akaja na shati lisilo na vifungo. Wengine wakaja kushangaa tu, wakajikuta wameketi.

Si muda, Mwenyekiti akafika akihema. "Nani amewaruhusu kukaa hapa?"

Shangazi alisimama. Sauti yake ilikuwa imara. "Mwenyekiti, mimi ndiye unayeniita kichaa mbele ya wateja wako. Niliugua, natibiwa, na sioni aibu. Ulipovunjika mguu, tulikuja kukujulia hali au tulikufungia mlango?"

Mwenyekiti alikohoa. "Mlikuja. Lakini ule ulikuwa mguu tu."

"Na hiki ni kichwa tu."

Watu waliangua kicheko. Mjane akainuka. "Tangu mume wangu afariki, leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza nimelalaje. Ukiwafungia hawa, umenifungia na mimi."

"Halafu mimi ni mjumbe wa kamati," mwalimu wa hesabu alidakia. "Kikao cha kuamua kufunga kilikaliwa wapi?"

Kumbe hakikukaliwa! Mzee mzima alijiamulia peke yake, halafu akasingizia kamati. Minong'ono iligeuka makelele: "Fungua! Fungua!" Mwenyekiti akatoa ufunguo, akafungua bila kumtazama mtu.

"Bado neno moja," Shangazi alisema. "La mtoto."

Mwenyekiti alimgeukia Pilipili. "Binti, yale niliyosema dukani hayakufaa. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Pilipili alijibu, kisha akainamisha kichwa. "Nami sikukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba."

Walipokuwa wakipanga viti, Shangazi alimvuta kando.

"Hasira yako ilikuwa ya haki," alimwambia. "Mtu asiyekasirishwa na dhuluma ndiye wa kumwogopa. Lakini kumtetea mtu si kumnyang'anya neno lake. Aliyeugua akili anahitaji matibabu, na anahitaji kukaa na watu. Ukimpa kiti, mpe na nafasi ya kusema. Wewe sikiliza."