Kitanda cha Chumba cha Nyuma

"Kitanda kinatoka leo," shangazi alisema. "Dalali kasema mnunuzi akiona kitanda cha mgonjwa anaishia mlangoni."

"Tukitandike vizuri tu, shangazi. Shuka jipya, mito miwili..."

"Mguu, unataka kurudi shule au hutaki?"

Msichana akaanza kukunja shuka. Shangazi alijua pa kumbana. Mguu aliacha masomo kidato cha pili ili amuuguze bibi yake, na Bibi ndiye aliyembandika jina hilo, kwa kuwa miguu yake mwenyewe ilikuwa imegoma. "Mguu wangu, niletee maji. Mguu wangu, hebu katazame nani anapiga hodi." Sasa Bibi alikuwa amezikwa, nyumba inauzwa, na shangazi alikuwa ameahidi: ikipata mtu, Mguu anarudi darasani.

Akashika upande mmoja wa kitanda. Kikatoka kwa shida, miguu yake ikikwaruza sakafu. Fundi rangi aliyeitwa kupaka nyumba akakichukua wakakilalie wanawe.

Mguu alikumbuka jambo moja. Bibi hakuipenda sakafu. Siku za kugeuza godoro alikataa kata kata kuwekwa chini, hata kwa dakika moja. "Mimi na sakafu hatusalimiani," alikuwa akisema. Basi Mguu alimpakata kama mtoto huku shangazi akigeuza godoro, wote watatu wakicheka.

Kitanda kilipotoka, doa likabaki wazi. Pale Bibi alipozoea kuegemeza kichwa, mafuta ya nywele ya miaka mingi yalikuwa yameingia ukutani. Lilikuwa doa la mviringo, rangi ya chai, usawa wa kifua cha Mguu. Fundi akalisugua kwa sabuni, akalipaka nyeupe mara mbili. Shangazi akatundika pazia jepesi, akaweka maua ya plastiki dirishani, akaacha madirisha wazi ili harufu ya dawa itoke. Chumba kikawa kama hakijawahi kuuguza mtu.

Asubuhi doa lilikuwa limerudi palepale.

"Mafuta hayo," fundi alisema. "Mafuta ni mabishi kama mama mkwe." Akacheka peke yake, akapaka tena.

Asubuhi iliyofuata hakucheka. Alichuchumaa mbele ya ukuta, akatazama kwa muda mrefu.

"Hili si lile," alinong'ona.

Pale juu palikuwa peupe, safi kabisa. Doa lilikuwa chini. Chini sana. Usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa sakafuni akaegemea ukuta.

Mguu akaligusa. Lilikuwa vuguvugu.

Fundi akaweka brashi juu ya kopo, akaondoka bila kuaga.

"Lipake," shangazi alisema. Alisimama nje ya chumba, hakuvuka kizingiti. "Mnunuzi anakuja mchana."

"Shangazi, tukirudishe kile kitanda. Leo tu."

"Lipake, mwanangu."

Mguu akapiga magoti. Akafikiria dawati lake. Akafikiria wenzake, ambao sasa walikuwa kidato cha nne. Brashi ilipopita juu ya doa, harufu ya mafuta ya nywele ilimjaa puani, mbichi, kama ya mtu aliyetoka kuchana nywele sasa hivi. Akapaka haraka. Hakugeuka. Akavuta mlango nyuma yake.

Mchana yeye na shangazi walikuwa uani wanaosha brashi. Kisha wakasikia viatu vya mwanamke vikitembea ndani ya nyumba, taratibu, kutoka chumba cha nyuma kuelekea sebuleni.

Wakazunguka mbele mbio.

Mnunuzi alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele, akitoka. Mama wa makamo, mkoba begani, uso mchangamfu. Alikuwa anajifuta kiganja cha kulia kwa leso. Kilikuwa na rangi nyeupe, mbichi, kama aliyetoka kushikana mkono na mtu.

"Samahani, nilipiga hodi nikaitikiwa, nikaingia," alisema. "Nyumba nimeipenda, sitaki kuficha. Lakini Mguu ni nani? Yule bibi mliyemkalisha chini anasema baridi imemzidi, aje amwinue."