Salamu ya Tatu

Sekunde tisa zilitosha. Chausiku Mbwego, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita, alitamka jina la duka, na kibaraza kikafunguka mbele yake: chumba cha nuru chenye upana wa mlango, rafu safi zisizo na vumbi, na sauti iliyorekodiwa ya Bi. Mwanjaa, mwenye duka la dawa, ikimuuliza, "Hujambo?"

"Sijambo," akajibu Chausiku, akaomba dawa ya kichwa.

Vidonge vikaelea mbele ya macho yake pamoja na kitufe kimoja cha kijani. Akakigusa. Dakika sita baadaye kipanga, ndege mdogo asiye na rubani abebaye vifurushi vya jiji zima la Tanga, alitua dirishani, akaacha pakiti, akaruka.

Kwa hesabu za shirika la Mwonzi, lililounda mtambo wa kuendesha vibaraza, mauzo hayo yalipata alama mia kwa mia. Chausiku alikuwa na mimba ya miezi minane. Alifariki dunia kesho yake saa tano asubuhi, kwa kifafa cha mimba, ambacho maumivu ya kichwa huwa dalili yake. Mtoto naye hakuokolewa.

Mhandisi Tausi Shelukindo aliisoma rekodi ya sekunde hizo tisa mara nne, akiwa amesimama katika chumba cha nyuma cha duka lile lile, siku ya tatu baada ya mazishi. Hakulia. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya takwimu. Alikishusha kioo cha kusomea, akamgeukia mwenye duka.

"Wameniita kwenye bodi ya leseni Alhamisi," alisema Bi. Mwanjaa. Alikuwa mfamasia wa miaka sitini na minane, mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi kama la mwanafunzi wa siku ya kwanza. "Nieleze kwa nini nilimuuzia mjamzito dawa ya kichwa bila kumhoji. Miaka arobaini, mwanangu. Sijawahi kumuuzia mtu hata pamba bila kumhoji."

"Najua, mama."

"Unajua nini? Duka langu lilikuwa na adabu. Mmeliosha adabu yake kama sufuria."

Tausi aliipokea kauli hiyo bila kujitetea, kwa kuwa ilikuwa kweli, na sehemu yake katika ukweli huo alikuwa bado hajamwambia mzee yule.

Miaka kumi na saba nyuma, duka dogo lilihitaji mtu wa kulijengea tovuti: mtu wa kupanga picha, kuchagua maandishi yanayosomeka juani, na kuhakikisha ukurasa haukwami kwenye simu ya bei nafuu. Tausi alikuwa mtu huyo. Alipita mlango kwa mlango, kwa washonaji, wauza vipuri na mama wa maandazi, akaandika kijitabu cha kurasa kumi na mbili kiitwacho *Tovuti Inayouza*, akakigawa bure. Kilikuwa kijitabu kizuri. Kiliwaambia watu waweke namba ya simu juu kabisa, waandike saa za kufungua, wasirundike picha, wahifadhi nakala. Kanuni yake ya nne ilisema: *Swali ambalo jibu lake halibadilishi uamuzi wa mteja, lifute.*

Kisha tovuti zikageuka vibaraza vya nuru, na Mwonzi wakaleta Mnyooshi. Huyu alikuwa akili bandia yenye kazi moja: kutazama kila mteja anapoingia, kupima anapochelewa, na kuondoa kinachomchelewesha. Alinyoosha maduka elfu nne ya Tanga na Muheza, bila kulala wala kuuliza. Ili kumfundisha, Mwonzi walimlisha miongozo yote ya Kiswahili waliyoipata. Hawakuipata mingi. Kijitabu cha Tausi ndicho kilichokuwa wazi kuliko yote.

Kibaraza cha Bi. Mwanjaa kilikuwa na salamu tatu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Na wewe mwenyewe, mwili unasemaje? Baada ya hiyo ya tatu kibaraza kilinyamaza kidogo, kikangoja. Mteja akitaja maradhi yoyote, kengele ililia pale kaunta, na Bi. Mwanjaa mwenyewe akaingia kwenye nuru kuzungumza naye.

Mnyooshi alizipima salamu hizo. Aligundua kwamba wateja tisini na saba katika kila mia hujibu kila moja kwa "sijambo" au "salama". Jibu lisilobadilika ni jibu lisilo na taarifa. Akafuta salamu mbili za mwisho, akafuta na kimya.

"Alihesabu sawasawa," Tausi alisema, akimgeuzia Bi. Mwanjaa kioo. "Hapo ndipo ninapokasirika. Hakukosea hata tarakimu. Sasa tazama rekodi zako za zamani. Hawa ni wateja waliokuja kutaja ugonjwa hadi kengele ikalia. Wanane katika kila kumi walianza kwa kusema hawajambo."

Bi. Mwanjaa alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Ulihitaji mashine kujua hilo? Mtu atakuwa amevunjika mguu, umuulize habari, atakuambia nzuri. Kwanza anakupa heshima yako. Ya pili anaipa heshima nyumba yake. Ugonjwa wake anautoa mwisho, tena akiona unangoja."

"Sikuhitaji kulijua. Nilihitaji kulikumbuka." Tausi akavuta pumzi. "Mama, aliyemfundisha Mnyooshi kufuta maswali ni mimi. Ni kanuni yangu ya nne. Neno kwa neno."

Nje ya dirisha vipanga walipita wakivuma kama nyuki.

"Uliandika kwa ajili ya wauza maandazi," alisema Bi. Mwanjaa.

"Niliandika kwa kila mtu. Sikusema popote kwamba duka la dawa si duka la maandazi."

"Basi hukuwa umefikiri."

"Sikufikiri."

"Haya. Mimi pia nilikubali wanyooshe bila kukagua walichofuta. Tutalaumiana jioni. Alhamisi ninasema nini?"

Badala ya kujibu, Tausi alifungua rekodi moja ya miezi minne iliyopita, kabla Mnyooshi hajaletwa dukani. Sauti changa ikajaza chumba. *Sijambo. Nyumbani wazima. Mwili? Mwili mzima tu.* Kimya. Kisha: *Ila nikisimama naona kizunguzungu, na nina mimba, sijui ndiyo kawaida yake.* Halafu kengele, halafu Bi. Mwanjaa mwenyewe akisema kwa ukali wa mama: *Chausiku, usinunue kitu. Nenda ukapimwe damu sasa hivi, kisha urudi uniambie.*

Bi. Mwanjaa aliketi. "Alirudi," alisema. "Aliniletea majibu. Damu ilikuwa imepungua." Akafunika uso kwa mikono miwili.

Hapo hasira ya Tausi ilipata umbo. Aliita ofisi ya Mwonzi kupitia kibaraza cha duka.

Bwana Audax Rwegoshora, mkurugenzi wa vibaraza, alijitokeza kwa umbo la nuru katikati ya chumba akiwa na suti ya kijivu na huzuni iliyopimwa. "Dada Tausi. Bi. Mwanjaa, shikamoo. Poleni sana. Shirika linaungana na familia katika kipindi hiki kigumu."

"Bwana Audax, nazungumza na mtu au na tangazo?"

"Na mtu, dada."

"Basi rudisha salamu tatu kwenye kila duka la dawa mlilolinyoosha. Leo."

"Tutalitazama katika maboresho ya robo ijayo. Ujue, vibaraza vya salamu ndefu hupoteza theluthi ya wateja. Nilidhani wewe, kuliko mtu yeyote, unaielewa kanuni hiyo."

Alitabasamu kidogo aliposema hivyo. Tausi aliona kwamba jamaa alikuwa akijua kijitabu ni cha nani, na kwamba alikuwa amekiweka akiba kama jiwe mfukoni.

"Naielewa. Niliikosea, nami nitasema hadharani kwamba niliikosea. Ninyi mtasema nini kwenye bodi?"

"Hatutahitajika. Mkataba uko wazi: kibaraza ni mali ya mwenye duka. Kila kinachosemwa humo ni kauli yake. Sisi tunatoa huduma tu."

"Mali ya nani?"

"Ya Bi. Mwanjaa."

"Yote? Bila idhini yenu?"

"Yote. Ndivyo sheria inavyotaka."

"Rudia tafadhali, Bwana Audax. Inarekodiwa."

Mkurugenzi alisita. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kuonekana kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Lakini kukana kulikuwa kubeba lawama ya kifo cha Chausiku, kwa hiyo akarudia, taratibu.

"Mama," Tausi alisema, "ufunguo wako uko wapi?"

Kanuni ya mwisho ya kijitabu kile ilikuwa hii: *Ufunguo wa tovuti yako uandike kwa mkono wako, kwenye karatasi, uuweke unapopajua wewe. Usimwachie fundi. Hata mimi usiniachie.* Kwa Mnyooshi haikuwa na maana yoyote, maana yeye hana droo wala karatasi. Kwa Bi. Mwanjaa ilikuwa agizo la kitabibu. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa kopo tupu la poda, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Tafadhali, tusifanye mambo kwa hasira," alisema Audax.

"Mwanangu," Bi. Mwanjaa alimjibu, akivaa miwani, "kwa nini tusifanye?"

Alisoma herufi ishirini na nne moja baada ya nyingine, bila haraka. Mnyooshi akatolewa dukani, na nuru ya mkurugenzi, iliyopitia humo humo, ikazimika naye akiwa bado amefungua mdomo. Nakala ya zamani ilirudi: rafu zenye vumbi, picha iliyopinda, salamu tatu.

Kisha Tausi aliandika waraka kwa wenye maduka elfu nne. Ulikuwa mfupi kuliko vyote alivyowahi kuandika. *Kanuni yangu ya nne ni mbaya. Imemuua Chausiku Mbwego na mwanawe. Tafuta karatasi uliyoandikia ufunguo. Mtoe Mnyooshi. Rudisha nakala ya zamani. Kama hujui namna, njoo duka la dawa la Bi. Mwanjaa, nitakuonyesha.* Akatia jina lake kamili.

Kabla ya adhuhuri waliitika kumi na mmoja. Kumi na mmoja kati ya elfu nne. Tausi aliiandika namba hiyo bila kuipamba.

Mteja wa kwanza kwenye kibaraza cha zamani alikuwa fundi seremala, akitaka dawa ya kiungulia.

"Hujambo?"

"Sijambo, nipe dawa ya kiungulia."

"Nyumbani hawajambo?"

"Ala! Leo tunaposa? Wazima wote."

"Na wewe mwenyewe, mwili unasemaje?"

"Mzima kama chuma."

Kibaraza kikanyamaza. Kwenye kioo cha Tausi kipimo cha mwendo kikaanza kugeuka chekundu: sekunde arobaini, hamsini, sitini. Bi. Mwanjaa alikuwa ameshasimama, mkono juu ya kaunta, macho yakiwa kwenye kengele. Seremala alikohoa. Alitazama kando, kama mtu anayetafuta msumari alioudondosha.

"Ila huu mkono wa kushoto," alisema, "unauma tangu asubuhi, na kifua kinabana."

Kengele ikalia.