Utani Mbele ya Mizani

Asubuhi hiyo bei ya chumvi ilishuka katika masoko yote ya Tandala, na hakuna mtu aliyeamuru ishuke. Wachimbaji wa kaskazini walikuwa wamefungua shimo jipya. Wachukuzi wakapata habari, wenye maghala wakaogopa kubaki na mzigo, wakauza. Hadi jua linapanda, wakausha samaki wa ziwani walikuwa wakinunua kwa magunia na kuimba. Kila gunia lililouzwa lilipita mbele ya Mizani, akili unde iliyowekwa ndani ya kilima nje ya mji wa Iringa, ikipozwa na maji ya Mto Ruaha Mdogo. Mizani haikupanga bei wala haikutoa amri. Kazi yake ilikuwa kuona, kukumbuka, na kutekeleza sheria ambazo raia wenyewe wamezipitisha.

Tandala haikuwa nchi ya udongo. Ilikuwa mchezo. Mtu alivaa kofia-njozi akiwa kitandani kwake Songea au Muscat, akafumba macho, akajikuta amesimama sokoni, vumbi puani na kelele za wachuuzi masikioni.

Aliyeusanifu mchezo huo ni Leonsia Kikoti, mwanamke mkimya aliyependa kula peke yake. Kabla ya Tandala alichunguza michezo mingi iliyokufa, akagundua kuwa mingi iliuawa na ukarimu. Wasanifu wake walimwaga sarafu kama chemchemi, wakasahau kuchimba mfereji wa kuzitoa. Fedha ikajaa, ikakosa maana, watu wakaondoka. Kwa hiyo katika Tandala hakuna kitu kilichodondoka kutoka mbinguni. Kila chungu kilifinyangwa na mchezaji, na kila chungu kilivunjika siku moja, ili mfinyanzi awe na kazi na jirani awe na sababu ya kubisha hodi.

Serikali nayo aliwaachia wachezaji. Walichagua Baraza, wakatoza kodi, wakagombana. Leonsia aliandika vifungu vichache tu vya Sheria Mama, kimojawapo kikisema kuwa sheria mpya haitarudi nyuma kugusa jambo lililokwisha kupita. Alikiweka ili wakubwa wasije wakatunga makosa ya jana kwa ajili ya adui zao.

Alijibakizia kitu kimoja: wenzo mdogo juu ya meza yake, ulioitwa Mkono. Ukivutwa, ungeweza kubadili lolote katika Tandala. Lakini ukivutwa, kengele ingelia nchi nzima, na kila raia angejua. Leonsia aliapa mbele yao kwamba hatauvuta. Vumbi lilikuwa limeutanda.

Jambo moja hakulitarajia. Miaka ile watu wa Iringa walikuwa wametawanyika duniani kutafuta kazi. Makaburi yalichimbwa na roboti za halmashauri, na mazishi yaliisha kabla chai haijapoa. Kulia, kukaa matanga na kukumbukana kulihamia Tandala, maana huko ndiko ndugu walikoweza kukutana wote.

Mama yake Leonsia, Bi Venosa, alikuwa raia wa Tandala tangu siku ya kwanza. Alilima vitunguu huko, na hakukosa msiba hata mmoja.

Ndiyo maana alikuwepo alipofariki Mzee Mbano, Mngoni aliyekuwa jirani yake wa shamba. Wahehe na Wangoni ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana mikuki. Bi Venosa alifika msibani, akaingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu. Akatembea kama marehemu, bega moja chini. Akakohoa kama marehemu. Kisha akalitwaa sufuria la nyama jikoni, akaliweka chini, akalikalia.

"Hakiliwi kitu hapa!" akatangaza. "Huyu mzee wenu amekufa na deni la matusi yangu. Nani atanilipa? Nyinyi Wangoni mkiona Mhehe mnakimbia, sasa huyu kakimbilia mbali kabisa!"

Fidelis Mbano, mtoto wa marehemu, alikuwa hajacheka tangu baba yake augue. Alicheka hadi akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio, na wanawake wakamshika.

Mizani iliona kitu kingine. Mali ilikuwa imehama kutoka kwa wafiwa bila malipo. Mwaka uliotangulia magenge yalikuwa yakivamia misiba na kupora, na raia wakapitisha sheria kali: anayeiba msibani atafukuzwa Tandala milele. Mizani ilimwita Fidelis.

"Ulimpa sufuria?"

"Sikumpa. Alikuwa ananitania."

"Ulimpa koti?"

"Angepewa, ingekuwaje utani?" Fidelis akauliza.

Mizani ikaandika kuwa mwenye mali hakutoa ridhaa. Bi Venosa akafumbua macho, akajikuta chumbani kwake Kihesa, mjini Iringa, kofia-njozi ikiwa imezimika kichwani.

Alimpigia bintiye papo hapo.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Nimeona."

"Kama umeona, nifungulie. Hata nyama sijaionja."

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki? Si wewe uliyeujenga huo mji? Mimi nilikuzaa, hiyo mashine imekuzaa?"

"Nikikufungulia kwa Mkono, kesho kila mtu atatafuta mtoto wa kumfungulia. Itakuwa serikali ya wanasesere."

Bi Venosa alishusha sauti.

"Leonsia, mimi sililii vitunguu. Wenzangu wote wako huko. Na siku nikifa, msiba wangu utawekwa wapi? Nani atavaa kitenge changu anicheke? Utanizika na roboti?"

Leonsia alisema angekwenda kuzungumza na Baraza, kama raia yeyote.

Alikwenda. Alivaa kofia-njozi, akapanga foleni nje ya ukumbi pamoja na watengeneza matofali waliokuja kulalamikia ushuru. Fidelis Mbano alikuwa amemtangulia.

"Waheshimiwa," Fidelis alisema, "mwizi akikuibia msibani unabaki na majonzi mawili. Mama huyu alinipunguzia moja. Mrudisheni."

Mheshimiwa Chonge, mfanyabiashara wa chumvi aliyekuwa kiongozi wa Baraza, hakuwa mtu mbaya. Alikuna kidevu chake.

"Kijana, pole na msiba. Lakini mimi niliporwa nikiwa namlilia mke wangu. Walichukua hadi mkeka. Tukisema utani ni ruhusa, kesho kila mwizi atakuja na kabila lake mkononi."

"Mtani anajulikana!"

"Na nani? Wewe unajua. Mimi najua. Mizani itajuaje?"

Minong'ono ikapita ukumbini. Leonsia akaomba kusema. Sauti yake ilikuwa ndogo, wakamtaka arudie.

"Tuifundishe," alisema. "Watani waandikishwe. Mtani akitwaa kitu msibani, Mizani itazame kama jina lake limo. Kama limo, si wizi."

Lilikuwa wazo safi la kihandisi. Chonge mwenyewe alilisifu. Raia walipiga kura, na sheria ya utani ikapita kwa wingi mkubwa. Watu wakamkumbatia Fidelis.

"Basi mama arudi," Fidelis akasema.

Mizani ikajibu kutoka juu, kwa sauti ileile isiyo na hasira: "Kifungu cha Sheria Mama kinasema sheria mpya haitarudi nyuma. Kosa la Venosa Kikoti lilitendeka kabla."

Ukumbi mzima ukamgeukia Leonsia. Chonge alisema polepole, "Dada, sisi kifungu hicho hatuwezi kukigusa. Ulikifunga mwenyewe. Labda Mkono."

Leonsia alivua kofia-njozi, akajikuta mezani kwake. Wenzo ulikuwa palepale. Aliupangusa vumbi kwa kidole, na alama ya kidole ikabaki. Akawaza kengele. Mkausha samaki ataisikia, mfinyanzi ataisikia, na tangu saa hiyo wataanza kutazama juu kila wanapopungukiwa, badala ya kutazamana. Akamwaza mama yake. Akauacha wenzo bila kuuvuta, akaenda kunawa mikono.

Msiba wa kwanza chini ya sheria mpya ulitokea muda mfupi baadaye. Leonsia alihudhuria, akakaa nyuma. Wafiwa walikuwa Wahehe, na mtani wao alikuwa Mgogo mnene mwenye sifa ya kuchekesha. Alinyemelea jikoni, akashika kapu la ndizi. Papo hapo taa ya kijani ikawaka juu ya kichwa chake, na maandishi yakatokea hewani: UTANI. HALALI.

Mgogo akasimama na kapu lake. Akaitazama taa.

"Nimeiba ndizi," alisema.

"Haya, mtani," wafiwa wakajibu.

Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata kwa adabu. Yule Mgogo akajaribu kucheza kidogo, akachoka, akazirudisha ndizi mahali pake.

Leonsia alirudi barazani kuomba sheria ifutwe. Chonge alishangaa.

"Wewe ndiye uliyeileta! Na inafanya kazi. Hakuna hata ugomvi mmoja tangu ipite."

"Hakuna aliyecheka, mheshimiwa."

"Kicheko hakimo katika sheria."

Kura zikapigwa, akashindwa. Walikuwa na haki ya kumshinda; aliwapa yeye. Alitoka ukumbini akiwa raia kama wengine, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi nchi yake ilivyokuwa imenyooka. Foleni zilikuwa sawa, vibanda sawa, na watu walisalimiana kama makarani.

Akapiga simu Kihesa. Mama yake hakupokea. Iliyopokea ni roboti ya nyumbani.

"Bi Venosa hayupo. Ameondoka na miguu-chuma yake."

Leonsia alishtuka. Miguu-chuma, mashine ya kumsaidia kutembea, ilimuumiza mama yake nyonga. Alikuwa ameikataa tangu anunuliwe.

"Ameenda wapi?"

"Kalenga, mazishini. Marehemu ni Mngoni mmoja. Nilimweleza kwamba kwenye mazishi ya halmashauri hakuna waombolezaji, kuna mashine mbili tu na kijana wa marehemu, aliyefika kwa treni kutoka Songea. Alisema kijana mmoja anatosha."

"Alibeba dawa zake?"

"Hapana. Alibeba kapu."

"Ndani ya kapu kulikuwa na nini?"

"Nililikagua mlangoni," ilisema roboti. "Lilikuwa tupu. Nilipomuuliza atarudi na nini, alinitukana."